Barua Iliyoshikwa Kichwa Chini

Kilima cha Hyrax Hill, nje kidogo ya Nakuru kando ya barabara ya Nairobi, si kirefu. Hata mtoto wa gredi ya pili hukipanda bila kuhema sana. Pimbi huota jua juu ya mawe yake. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapa mwaka 1937 akakuta makaburi na mabaki ya makazi ya watu wa kale. Mwaka 1943 mahali hapa pakatangazwa kuwa turathi ya taifa, na tangu 1965 pana makumbusho madogo ndani ya nyumba ya zamani ya shambani.

Lakini leo, wanangu, sikuwaleta kwa ajili ya makaburi. Nimewaleta kwa ajili ya mashimo. Mtu ambaye hakutuachia jina lake aliketi hapa juu ya mwamba akachonga bao: vishimo vidogo, safu kwa safu, vya kutilia kete. Wachezaji walikwenda zao zamani, kete zao hazipo, bao lingalipo.

Sasa tuseme umekuja na mwenzako wa darasani ambaye haoni. Usimkokote mkono. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie hatua moja, na ukifika penye jiwe mwambie, "hapa tunapanda." Mkifika kwenye mwamba, chuchumaeni. Atapitisha vidole kwenye safu ya kwanza, kisha ya pili, na atajua kina cha kila shimo na ulaini wa kingo zake kabla wewe hujamaliza kupiga picha ya simu. Mkiwa na mbegu mfukoni mnaweza hata kucheza kwenye bao lenu wenyewe mkirudi nyumbani, na usishangae akikushinda. Bao halihitaji kubadilishwa chochote kwa ajili yake. Kete zinaweza kuhesabiwa kwa vidole, hata na mwenye macho mazima.

Ndiyo maana nimeanzia hapa. Kuna sanaa ambayo tangu ilipozaliwa ilikuwa na mlango wa vidole. Ni sisi tuliokuja baadaye tukaufunga.

Ingia kwenye makumbusho makubwa popote duniani, utakutana na kioo. Vyungu viko nyuma ya kioo, shanga nyuma ya kioo, na pembeni kibao kinasema usiguse. Usidhani ni ukorofi wa wenyewe. Vidole vyetu vina jasho na mafuta. Akigusa mtu mmoja hakuna neno, ila wakigusa maelfu kwa maelfu, chungu kilichovumilia miaka elfu moja ardhini kitachakaa mbele ya macho yetu. Kwa hiyo kioo kina sababu yake. Shida ni kwamba hicho kinacholinda chungu kinamwacha nje mtu anayetazama kwa mikono.

Huko Ancona, Italia, mume na mke wasioona, Aldo Grassini na Daniela Bottegoni, walichoka kukatazwa kugusa. Mwaka 1993 wakapata walichokuwa wakikipigania: makumbusho yanayoitwa Omero, ambayo kazi yako ukiingia ni kugusa. Wameweka nakala za sanamu mashuhuri, kubwa kama zenyewe, na mgeni anaweza kupanda na vidole kutoka goti la sanamu hadi sikio. Nakala ikichakaa hutengenezwa nyingine.

Sisi wa Bonde la Ufa tuna bahati nyingine ambayo hatuitumii vya kutosha. Nendeni Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako Louis Leakey na wenzake walifukua shoka za mkono mwishoni mwa miaka ya 1920. Shoka hizo hazina mpini. Ni mawe yaliyopasuliwa pande zote mbili hadi yakapata ncha, na yalitengenezwa na watu walioishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Jiwe la namna hiyo lilikusudiwa kiganja tangu mwanzo, kwa hiyo mtu anayelitazama tu amelijua nusu. Mwombeni msimamizi awaonyeshe mnaloruhusiwa kushika. Jirani yake kuna machimbo ya udongo mweupe wa diatomaiti, bonge lake jepesi hata unadhani umedanganywa. Mtoto asiyeona akishika shoka mkono huu na bonge la diatomaiti mkono ule, ameshajifunza jambo kuhusu Bonde la Ufa ambalo picha ya kitabuni haiwezi kumwambia yeyote kati yenu.

Tuache mawe, twende kwenye hadithi, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Bibi zetu walisimulia usiku. Mahali pengi watoto walikatazwa kabisa hadithi za mchana, kwa kuwa mchana ulikuwa wa ng'ombe na jembe. Usiku, moto umebaki makaa, hakuna aliyemwona mwenzake vizuri. Fikirieni maana yake: mle ndani wasikilizaji wote walikuwa hawaoni. Msimulizi hakuweza kunyoosha kidole aseme "zimwi lilikuwa hivi." Alilazimika kulijenga kwa mdomo, kucha kwa kucha, na sauti yake ibadilike zimwi linapokaribia mlango. Mtoto kipofu alikaa humo akiwa sawa na wengine wote, wala hakuna aliyesema amefanyiwa hisani.

Halafu ngoja. Katika duara hilo hilo alikuwapo pia mtoto asiyesikia. Giza lililomfaa mwenzake lilimnyima yeye kila kitu. Aliona midomo ikichezacheza kwenye mwanga hafifu, akaona wenzake wakishtuka, akashtuka kwa kuwaiga, akaenda kulala bila hadithi. Likumbukeni hilo kila mtu mzima anapowaambia kwamba "ukumbi huu unafaa watu wenye ulemavu." Muulizeni, wa namna gani? Kinachomfungulia mmoja kinaweza kumfungia mwingine.

Basi tuanze na asiyeona, kisha tutamfikia asiyesikia.

Waulizeni babu zenu kuhusu mtangazaji wa redio Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Wengi wanamkumbuka kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966. Mimi namkumbuka kwa mpira. Alipotangaza mechi redioni, watu waliokuwa mashambani Molo na Njoro, ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wa Afraha sembuse ule wa Nairobi, waliruka na kukumbatiana kwa goli ambalo hawakuliona. Alisema mpira uko upande gani, uko kwa nani, mabeki wamesimama wapi, kipa ametoka au amebaki. Taifa zima lilikuwa limefumba macho, na lilimtegemea mtu mmoja mwenye maneno yanayokwenda kasi kama miguu ya washambuliaji.

Mwaka 1981, mjini Washington, Margaret Pfanstiehl, mwanamke aliyekuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, pamoja na Cody, ambaye baadaye alikuwa mumewe, walianza kufanya jambo hilo kwenye tamthilia katika ukumbi wa Arena Stage. Mtu alikaa pembeni na maikrofoni. Watazamaji wasioona walivaa vifaa vidogo vya masikioni, na kila waigizaji waliponyamaza, walisikia sauti ikiwaeleza kinachotendeka jukwaani. Siku hizi kazi hiyo ina wataalamu wake katika nchi nyingi, na filamu nyingi zina sauti ya maelezo ya namna hiyo. Lakini msingi wake ni ule ule wa mtangazaji wa mpira. Huhitaji mtambo ili uanze. Kwenye tamasha la drama la shule, unaweza kukaa karibu na mwenzako na kumnong'oneza.

Kunong'oneza kuna ufundi wake, na wengi hukosea. Sikilizeni mfano huu.

Jukwaani anaingia mzee mwenye koti refu. Anaketi. Anatoa barua mfukoni, anaifungua, anaisoma kwa madaha huku akitikisa kichwa. Ukumbi wote unaangua kicheko. Mwenzako asiyeona anakuvuta shati: "Kuna nini?" Na wewe, huku machozi ya kicheko yakikutoka, unamwambia, "Ngoja, nitakueleza baadaye."

Hakuna upweke mkali kama huo, wanangu. Watu mia tatu wanacheka na wewe peke yako hujui wanachekea nini. Hata ukielezwa baada ya onyesho, kicheko kimeshapoa. Kilichokuwa kinachekesha ni kwamba mzee ameishika barua kichwa chini. Hajui kusoma. Ilikupasa kunong'ona mapema, pale anapoifungua: "Ameishika kichwa chini." Maneno matatu tu. Na yangesemwa kabla watu hawajacheka, ili mwenzako acheke nao kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo wakati ni nusu ya ufundi. Nusu nyingine ni kuchagua. Huwezi kusema kila unachokiona, maana waigizaji nao wanaongea na hutaki kuwafunika. Sema mahali, nani ameingia, anafanya nini. Rangi ya koti itaje ikiwa ina maana katika hadithi. Na tafadhali usiogope kutaja rangi mbele ya asiyeona. Wapo waliowahi kuona na wanazikumbuka, na hata aliyezaliwa haoni anajua kwamba nyekundu ni ya damu na hatari. Kisha kuna kosa moja ambalo hata watu wazima hulifanya, nalo ni kumtafsiria hisia. Usimwambie "mama amekasirika." Mwambie "mama amekunja ngumi, ameegemea mlango." Kukasirika atakujua mwenyewe. Umempa macho, usimpe na akili, akili anazo.

Kuna jambo jingine linalofanywa kabla ya pazia kufunguliwa, nalo mimi nalipenda kuliko yote. Wasioona hupandishwa jukwaani nusu saa mapema. Wanapima kwa hatua umbali kati ya kiti na mlango. Wanashika ngoma, koti la mzee, kinyago cha mganga. Waigizaji wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja anataja anayemwigiza na kusema maneno mawili matatu kwa sauti atakayoitumia. Onyesho likianza, kila sauti ina mwenyewe. Shule gani ya Nakuru itashindwa kufanya hivyo? Haihitaji shilingi hata moja. Inahitaji mwalimu mwenye subira, na wale wanaojiona nyota wakubali kushikwashikwa mavazi yao.

Sasa twende kwa asiyesikia.

Nakuru ina Ngala, shule ya viziwi, na ukikutana na wanafunzi wake mjini utaona mikono ikizungumza kwa kasi ambayo macho yangu ya kizee hayaifikii. Lugha ya Ishara ya Kenya si kuigiza Kiswahili kwa mikono. Ina sarufi yake, na uso ni sehemu ya sarufi hiyo: nyusi zikipanda, sentensi inageuka. Katiba ya mwaka 2010 inaitaja pamoja na Breli, maandishi ya wasioona yasomwayo kwa vidole, kati ya lugha na njia za mawasiliano ambazo serikali inapaswa kuziendeleza, na Ibara ya 120 inaifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Mkalimani wa ishara ukumbini ni mtu wa kupangiwa mahali. Akiwekwa nyuma ya watu, kiziwi atageuza shingo kama anayetazama tenisi, na mwisho atachagua kuona ama tamthilia ama maana yake. Mkalimani akae karibu na jukwaa, avae nguo ya rangi moja isiyofanana na ngozi ya mikono yake, na awe na taa. Mwongozaji akizima taa zote ili kuleta hofu ya usiku, mkalimani naye amezimwa. Wakati huo asiyeona yu raha mustarehe, anasikia kila kitu.

Na ngoma? Watu hushangaa wanapoona viziwi wakicheza kwa mdundo. Mdundo ni mtikisiko. Hupita hewani ukafika sikioni, lakini hupita pia kwenye ardhi, kwenye mbao, kwenye mifupa. Vueni viatu msimame kwenye sakafu ya mbao, mtu apige ngoma kubwa karibu: mtaipata kwenye nyayo na kifuani. Kisha jaribuni kwenye saruji. Saruji ni nzito na imeng'ang'ania ardhi, haitikisiki kirahisi. Ndiyo sababu jukwaa la mbao linaweza kuwa zawadi kubwa kwa wachezaji viziwi kuliko spika za bei ghali. Mskoti Evelyn Glennie, mmoja wa wapiga ngoma maarufu duniani, alikuwa amepoteza karibu uwezo wake wote wa kusikia alipofika miaka 12. Hupiga akiwa miguu mitupu. Na jirani zetu wa Tanzania walikuwa na Mzee Morris Nyunyusa, aliyepiga ngoma nyingi kwa pamoja naye haoni. Midundo yake ndiyo iliyotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania, hata watu wakaijua kuliko sauti za wasomaji. Mmoja hakusikia, mwingine hakuona, na wote wawili waliifuata ngoma hadi ikawapa jina.

Kuhusu ngazi nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapa hakuna fumbo lolote, ni hesabu tu. Kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu huhitaji angalau sentimita 12 za urefu. Nendeni na rula kwenye ukumbi wa shule yenu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45. Zidisheni kwa 12, mnapata mita 5 na sentimita 40. Ndio urefu wa mteremko unaohitajika, na ukiona mtu amemwaga saruji ya mita moja na nusu akaiita njia ya magurudumu, ametengeneza mtelezo. Mkimaliza mlangoni, pimeni jukwaa. Hapo ndipo wengi husahau. Ukumbi unakuwa na mteremko mzuri wa kumwingiza mtu mwenye kiti cha magurudumu akae atazame, na jukwaani kuna ngazi tano kavu. Aliyejenga amefikiria kwamba mtu huyo atakuja kupiga makofi. Kwamba angeweza kuja kuimba, hakulifikiria.

Wanakuja, lakini. Bendi ya Staff Benda Bilili ilitoka mitaa ya Kinshasa, wanamuziki wengi wao wakiwa wameugua polio, wakapiga muziki juu ya baiskeli za magurudumu matatu na wakazunguka nao Ulaya. Kijana mmoja kati yao alipiga ala aliyoiunda kwa kopo na waya. Hapa kwetu Reuben Kigame, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 3, alisoma shule ya vipofu ya Kibos na kisha Thika, na nyimbo zake za injili huimbwa makanisani na watu ambao wengine hawajui kabisa kwamba haoni. Crystal Asige ni mwimbaji aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa wa glakoma. Aliingia Seneti mwaka 2022, na yeye ndiye aliyewasilisha mswada uliozaa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025.

Louis Braille naye alipofuka baada ya kuumia jicho akiwa na miaka 3, kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake aliyeshona matandiko ya farasi huko Ufaransa. Alipokuwa kijana wa miaka 15 hivi, mwaka 1824, alikuwa ameshapata mpango wake wa maandishi ya nukta sita, ambazo ukizipanga na kuzipangua unapata alama 63. Kwa kuwa alikuwa mpiga kinanda, aliutumia mpango huo kuandika muziki pia. Tangu hapo tatizo halijawa nukta, limekuwa vitabu. Zamani, katika nchi nyingi, kunakili riwaya kwa Breli bila idhini ya mwenye haki kulihesabiwa kosa, na idhini zilichelewa au hazikuja. Juni 2013 nchi zilikutana Marrakesh, Morocco, zikakubaliana kwamba nakala za wasioona zitengenezwe na zivuke mipaka bila kungoja idhini hiyo. Stevie Wonder, mwimbaji asiyeona wa Marekani, alikuwa ameahidi kwamba wakikubaliana atakuja kuwaimbia. Wakakubaliana, naye akaja. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 2017.

Najua kuna mmoja wenu ana swali: mimi ni mchoraji, sasa picha yangu mwenzangu ataionaje?

Chukua kipande cha katoni. Chora eneo letu kwa penseli: kreta ya volkeno ya Menengai juu, Ziwa Nakuru chini yake, reli, barabara ya Nairobi. Kisha anza kunyanyua. Ukingo wa Menengai uwe kamba nene ya katani iliyobandikwa kwa gundi, umbo la duara lisilo kamili. Reli iwe uzi wenye mafundo, barabara iwe uzi laini, ili vidole visizichanganye. Ziwani mwaga gundi unyunyize mchanga uliochekechwa. Msitu uwe majani makavu ya chai. Usijaze kila mahali. Vidole husoma kitu kimoja baada ya kingine, na ukirundika vitu vitano kwenye nafasi ya kiganja, hatapata hata kimoja. Wacha ikauke usiku kucha. Asubuhi mpe aisome bila kumwambia kitu, na kalamu yako iwe tayari, maana atakuonyesha mahali ambapo barabara yako inapita katikati ya ziwa.